Kifungu Kilichopotea: Miria Matembe kati ya Harakati na Serikali

Mwanaharakati wa haki za wanawake anapotoka katika shirika la kiraia na kuingia serikalini hupimwa kwa vipimo viwili visivyopatana kirahisi, kwa kuwa wale aliowaacha nje humpima kwa uaminifu wake kwa madai ya jana, ilhali wale aliowakuta ndani humpima kwa utii wake kwa mkono uliompa kiti. Mhadhara huu unachunguza maisha ya kisiasa ya mwanamke aliyepimwa kwa vipimo vyote viwili, naye ni Miria Matembe wa Uganda, mwanasheria aliyeanzia katika chama cha wanawake, akapita katika tume ya katiba, Bunge na Baraza la Mawaziri, kisha akaondolewa serikalini kwa kukataa kunyamaza. Swali linaloongoza uchunguzi huu halihusu idadi ya viti alivyovikalia wala vyeo alivyopewa. Linahusu kitu kidogo zaidi, yaani kifungu, neno ambalo katika uandishi wa sheria hutaja sehemu yenye nambari yake ndani ya sheria, ambayo mara nyingi haizidi mistari mitatu au minne. Inadaiwa hapa kwamba haki ya mwanamke mara chache hupotea kwa kukataliwa waziwazi. Hukubaliwa kwa shangwe katika ibara ya katiba, kisha hunyang'anywa kimyakimya katika kifungu cha sheria ya kawaida, au katika safari fupi iliyopo kati ya kura ya wabunge na mashine ya mpiga chapa.

Msomaji wa Goma ana haki ya kuuliza kwa nini achukuliwe mwanamke wa Mbarara, ilhali mashariki ya Kongo haikosi wanawake wa kuandikiwa. Immaculée Birhaheka, aliyeongoza shirika la PAIF mjini hapa, alitunukiwa mwaka 2000 Tuzo ya Martin Ennals inayotolewa kwa watetezi wa haki za binadamu, na Justine Masika Bihamba, wa muungano wa mashirika yanayowahudumia wahanga wa ukatili wa kingono, alipewa na serikali ya Uholanzi Tuzo ya Tulip mwaka 2008. Huko Ituri, Pétronille Vaweka alitoka katika kazi ya upatanishi akachaguliwa mwaka 2003 kuongoza baraza maalumu la mpito mjini Bunia, wakati ambapo kuongoza lolote mjini humo kulihitaji moyo, na baadaye akawa kamishna wa wilaya hiyo. Hata hivyo, wengi wa wanawake wa mashariki waliojulikana kwa utetezi wamebaki katika mashirika, ama kwa hiari ama kwa kufungiwa mlango, na ndiyo sababu safari ya Matembe inafaa kusomwa kama jalada lililokamilika, kuanzia ombi la kwanza hadi barua ya kuondolewa. Isitoshe, Mbarara si mbali. Barabara ya Rutshuru ikipita Bunagana huingia Kisoro na Kabale, ikaufikia mji huo wa Ankole, na bidhaa za Uganda zimezoeleka katika masoko ya Goma kuliko zilivyozoeleka sheria zake, ambazo hazivuki mpaka kwa urahisi huohuo kwa sababu zimeandikwa kwa Kiingereza na kwa mapokeo ya Kiingereza, ilhali sheria za Kongo zilirithiwa kutoka kwa Wabelgiji.

Matembe alizaliwa mwaka 1953 na kusomea sheria katika Chuo Kikuu cha Makerere, kisha akaendelea na shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza. Jina lake lilianza kusikika mwaka 1985, alipokuwa miongoni mwa waasisi wa ACFODE, chama kilichoundwa na wanawake wasomi wa Kampala baada ya Mkutano wa Tatu wa Umoja wa Mataifa kuhusu Wanawake uliofanyika Nairobi mwezi wa Julai mwaka huo. Wakati huo haukuwa wa kawaida. Mkutano wa Nairobi ulifungwa tarehe 26 Julai, na kesho yake majeshi yakampindua Milton Obote mjini Kampala, kiasi kwamba azimio la kimataifa juu ya maendeleo ya wanawake lilifika katika nchi isiyo na serikali ya kulipokea. Kabla ya hapo, kwa mujibu wa amri ya Idi Amin ya mwaka 1978, sauti ya wanawake ilipaswa kupitia baraza moja la kitaifa lililo chini ya serikali. ACFODE ilitofautiana na baraza hilo kwa jambo la msingi: haikuomba ruhusa ya kuwapo. Iliendesha semina, ikatoa jarida lake lililoitwa Arise, na ikadai kwamba wizara zote ziwe na dawati la masuala ya wanawake na kwamba iundwe wizara ya wanawake, dai lililotimizwa mwaka 1988.

Kutimizwa kwa madai hayo kulitokana pia na mabadiliko ya dola yenyewe. Jeshi la Yoweri Museveni liliingia Kampala tarehe 26 Januari 1986, na uongozi mpya wa NRM, uliojiita vuguvugu na kukataa kuitwa chama, ulijenga ngazi za mabaraza ya upinzani kutoka kijiji hadi wilaya, ambapo kila baraza lilikuwa na nafasi ya katibu wa masuala ya wanawake. Mwaka 1989 bunge la mpito lilipanuliwa kwa uchaguzi, na kila wilaya ikapewa kiti kimoja cha mwanamke. Matembe akaingia kwa kiti cha wilaya ya Mbarara, alichokitumikia kwa sura mbalimbali hadi mwaka 2006. Viti vya namna hii, ambavyo msomaji wa Tanzania atavifananisha na viti maalumu, ni nafasi zinazotengwa na sheria ili zigombewe na wanawake peke yao, kwa hoja kwamba mbio zilizoanza na baadhi ya wakimbiaji wakiwa wamefungwa miguu haziwezi kuitwa za haki kwa kufungua kamba katikati ya uwanja. Hoja hiyo ina nguvu. Ina udhaifu pia, utakaoonekana mbele.

Shule halisi ya Matembe ilikuwa Tume ya Katiba iliyoundwa mwaka 1988 chini ya uenyekiti wa jaji Benjamin Odoki. Tume hiyo ilikuwa na wajumbe 21, na kati yao wanawake walikuwa wawili tu, Matembe na Mary Maitum. Ilizunguka nchi nzima, ikakusanya zaidi ya hati 25,000 za maoni ya wananchi na vikundi vyao, na kwa kazi hiyo wanawake wa vijijini walitamka kwa mara ya kwanza mbele ya chombo cha dola yale waliyokuwa wakiyasemea jikoni na kisimani: mahari inayodaiwa irudishwe ndoa inapovunjika, mjane anayefukuzwa na mashemeji, shamba linalouzwa na mume bila mke kujua hadi mnunuzi afike na kamba ya kupimia. Matembe aliwasilisha mambo haya kwa ukali ambao wenzake hawakuuzoea. Katika miaka hiyo alijulikana nchini kote kwa kupendekeza kwamba wanaume wanaonajisi watoto wahasiwe, kauli iliyowafurahisha baadhi na kuwatisha wengi, na jina lake likageuka lakabu ya mitaani, akaitwa Matembe mwanamke yeyote aliyejibu alipotakiwa anyamaze. Ukali huo ulimpa umaarufu, ingawa yafaa kusemwa kwamba uliwapa wapinzani wake njia rahisi ya kujadili ulimi wake na kuacha hoja zake, na wao hawakuikosa.

Bunge la Katiba lilichaguliwa mwezi wa Machi 1994 likiwa na wajumbe 284, na wanawake walikuwa takribani asilimia 18. Humo waliunda umoja wao, yaani kundi la wajumbe wanaokutana pembeni ya vikao rasmi ili kupatana juu ya maneno ya kila ibara kabla haijapigiwa kura, na umoja huo ulimleta Matembe pamoja na wanawake wa mielekeo mbalimbali, miongoni mwao Winnie Byanyima, mhandisi wa ndege aliyechaguliwa katika jimbo la manispaa ya Mbarara kwa kushindana na wanaume, na ambaye baadaye angeanzisha shirika la FOWODE kutokana na mazoea ya umoja huohuo. Katiba iliyotangazwa tarehe 8 Oktoba 1995 ilibeba alama zao. Ibara ya 31 inaweka usawa wa mume na mke wakati wa kufunga ndoa, ndani ya ndoa na wakati wa kuivunja; ibara ya 32 inaliagiza taifa lichukue hatua za kurekebisha upungufu uliosababishwa na historia na mila; ibara ya 33 inakataza sheria, tamaduni na desturi zinazoudhalilisha utu wa mwanamke; ibara ya 78 inatoa kiti cha mwanamke kwa kila wilaya; na ibara ya 180 inatenga theluthi moja ya viti vya mabaraza ya serikali za mitaa. Matembe mwenyewe aliandika juu ya kazi hiyo katika kitabu kilichotolewa Kampala na nyumba ya Fountain mwaka 2002, na kitabu hicho kinabaki kuwa ushahidi adimu, kwa sababu waandishi wa katiba za Kiafrika kwa kawaida hufa na siri za vikao vyao.

Hapa lazima pazingatiwe jambo ambalo sifa za ibara ya 78 hulificha. Katika chaguzi za mwaka 1996 na 2001, mbunge mwanamke wa wilaya hakuchaguliwa na wananchi wote wa wilaya, bali na wapiga kura teule, maana yake kundi dogo la madiwani na viongozi wa mabaraza ya wanawake waliokusanywa mahali pamoja, na madiwani wengi walikuwa wanaume. Mgombea wa kiti kilichotungwa kwa ajili ya wanawake alilazimika, kwa hiyo, kuwabembeleza wanaume wa utawala wa wilaya, na mwanamke wa kijijini ambaye malalamiko yake yalijaza hati za Tume ya Odoki hakuwa na kura ya kumpa wala ya kumnyima. Sylvia Tamale, mwanasheria wa Makerere, alichambua hali hii katika kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu wanawake katika Bunge la Uganda, ambacho jina lake limechezea imani ya kale kwamba kuku jike hawiki. Utaratibu huo ulibadilishwa kuanzia uchaguzi wa mwaka 2006, wananchi wote wakapewa kura. Lakini mlango mwingine ulikuwa umekwisha kufunguliwa: kwa kuwa kila wilaya huzaa kiti, na kwa kuwa wilaya mpya hutangazwa na serikali inayotaka kupendwa, idadi ya wilaya ilipanda kutoka 39 katikati ya miaka ya 1990 hadi zaidi ya 130 katika miaka ya karibuni, na wabunge wanawake wakaongezeka pamoja nazo. Wingi uliopatikana kwa njia hiyo una deni ndani yake, na mdai anajulikana.

Deni hilo lilidaiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1998, katika suala la ardhi. Sheria ya Ardhi ya mwaka huo ilikusudiwa kutekeleza katiba mpya kwa kutambua umiliki wa kimila, na mashirika ya wanawake yaliona ndani yake nafasi ya kupata kitu kimoja mahususi, yaani umiliki wa pamoja, ambao ni kanuni kwamba ardhi ambayo familia huishi juu yake na kuitegemea kwa chakula ni mali ya mume na mke kwa pamoja, hata kama jina la mmoja tu limeandikwa au hakuna jina lililoandikwa. Umuhimu wa kanuni hiyo unaonekana ikilinganishwa na kanuni ndogo zaidi iliyopita bila shida, ambayo ni ridhaa ya mwenzi. Ridhaa humzuia mume asiuze, asiweke rehani na asikodishe shamba la familia bila mke kukubali kwa maandishi, lakini haimfanyi mke kuwa mwenye shamba. Inamweka kama mlinzi wa lango, na mlinzi hana haki ya kurithi nyumba anayoilinda. Ndoa ikivunjika au mume akifa, ridhaa haina tena wa kuridhiana naye, na mjane hurudi kuwa mgeni katika udongo alioulima miaka 30. Umiliki wa pamoja ungelibadilisha hilo kwa mistari michache.

Matembe ndiye aliyesimama Bungeni kuwasilisha kifungu hicho, kikajadiliwa na, kwa uelewa wa wanawake waliokuwamo ukumbini na wa mashirika yaliyokuwa yakifuatilia, kikakubaliwa. Sheria ilipochapwa, kifungu hakikuwamo. Waliokitafuta katika kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge walisema kwamba hoja imo. Waliokitafuta katika sheria iliyotiwa sahihi hawakukikuta. Na maelezo yaliyotolewa na upande wa serikali yalikuwa ya kiutaratibu, kwamba marekebisho hayakuwasilishwa kwa namna inayotakiwa. Baadaye Rais Museveni alieleza hadharani kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeingilia kati, akiogopa kuwa kanuni hiyo ingewavuta watu waoane kwa tamaa ya ardhi. Tangu hapo wanawake wa Uganda hukiita kifungu kilichopotea, na jina hilo lina kejeli ndani yake, kwa sababu kitu kilichopotea hutafutwa na mwenyewe, ilhali hiki kila mtu alijua kilipo na nani amekishika.

Serikali iliahidi kwamba suala hilo lingeingizwa katika Muswada wa Mahusiano ya Kifamilia, muswada maana yake rasimu ya sheria inayongoja kupitishwa. Ahadi hiyo ilipaswa kumtia shaka mtu yeyote anayeijua historia ya muswada huo, ambao mizizi yake ilikuwa katika tume ya Kalema ya miaka ya 1960, na ambao kila serikali iliurithi na kuuweka kabatini. Ulipofikishwa Bungeni mwaka 2003 ukiwa na masharti juu ya mitala, Waislamu waliandamana Kampala kuupinga, na mwaka 2005 ukasimamishwa. Kuihamishia haki ya ardhi katika chombo kilichojulikana kuwa hakisafiri ilikuwa namna ya kuizika bila kuvaa kaniki. Marekebisho ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2004 yalimpa mke usalama wa ukaaji, yaani haki ya kuishi na kulima katika ardhi ya familia, jambo lenye manufaa yake kwa mke ambaye mumewe yu hai na ndoa ingaliko, lakini ambalo halikuugusa umiliki. Ajabu ni kwamba mahakama, ambazo hazikuchaguliwa na mtu, zilitembea mbali kuliko Bunge lenye wanawake wengi: mwaka 2004 Mahakama ya Katiba ilibatilisha tofauti kati ya mume na mke katika sababu za talaka, na mwaka 2007 ikaifuta sheria ya uzinzi iliyokuwa ikimwadhibu mke kwa kosa ambalo mume alisamehewa. Mashauri yote mawili yaliletwa na mashirika ya wanasheria wanawake, na silaha zao zilikuwa ibara zilezile za 31 na 33.

Mwaka huohuo wa 1998 Matembe aliteuliwa kuwa Waziri wa Maadili na Uadilifu, wizara mpya iliyowekwa ndani ya Ofisi ya Rais. Mahali ilipowekwa panatosha kueleza mipaka yake, kwa sababu anayetakiwa kuchunguza nyumba huku amekaa sebuleni kwa mwenye nyumba atachunguza kwanza vyumba vya wageni. Hata hivyo kazi haikuwa bure. Chini yake ilipitishwa mwaka 2002 Sheria ya Maadili ya Viongozi, inayowalazimu viongozi wa umma kutangaza mali, mapato na madeni yao kwa mkaguzi mkuu wa serikali, na yeye mwenyewe alizunguka nchi akihubiri dhidi ya rushwa kwa ulimi uleule aliohubiria dhidi ya unajisi. Wakosoaji wake katika harakati za wanawake walikuwa na swali moja ambalo halikuwahi kujibiwa kikamilifu, nalo ni kwa nini aliyekiwasilisha kifungu kilichopotea aliendelea kuhudumu katika serikali iliyokipoteza. Jibu la upole ni kwamba waziri hufungwa na uwajibikaji wa pamoja, kanuni inayomtaka kila waziri aliyebaki mezani kuyatetea maamuzi ya meza, na kwamba kutoka wakati ule kungewaacha wanawake bila mtu ndani. Jibu lisilo la upole ni kwamba alitumaini bado. Huenda majibu yote mawili ni ya kweli, na mtu wa Kongo aliyewaona wanaharakati wakiingia katika serikali za mpito kwa matumaini yaleyale hana sababu ya kumhukumu haraka.

Kilichomtoa serikalini kilikuwa kifungu kingine. Ibara ya 105 ya Katiba ya mwaka 1995, aliyoshiriki kuiandika, iliweka ukomo wa mihula miwili kwa rais, na mwanzoni mwa mwaka 2003 uongozi wa NRM ulianza kupendekeza kwamba ukomo huo uondolewe. Matembe alipinga hadharani, kama walivyopinga Eriya Kategaya, rafiki wa Museveni tangu utotoni, na Jaberi Bidandi Ssali, na mwezi wa Mei 2003 wote watatu wakaachwa nje Baraza la Mawaziri lilipopangwa upya. Mwaka 2005 Bunge liliufuta ukomo, baada ya wabunge kugawiwa shilingi milioni 5 za Uganda kila mmoja, malipo yaliyoripotiwa sana na magazeti ya Kampala. Wanawake wengi wa viti vya wilaya walipiga kura pamoja na serikali. Matukio haya yakiwekwa bega kwa bega, picha yenye maumivu hujitokeza: kifungu cha wanawake kilipotoweka mwaka 1998 Matembe alibaki, na kifungu cha mihula kilipotishiwa mwaka 2003 aliondolewa, na katika yote mawili aliyekalia kalamu alikuwa yuleyule. Inaelekea kwamba ni katika tukio la pili ndipo alipolielewa la kwanza, kwa maana asiyeweza kuzuiwa na ibara ya katiba juu ya madaraka yake mwenyewe hawezi kuzuiwa na kifungu cha sheria juu ya shamba la mjane.

Aliendelea kuwa mbunge hadi mwaka 2006, na tangu mwaka 2004 alikuwa miongoni mwa wajumbe wa kwanza wa Bunge la Afrika. Baadaye alirudi alikoanzia, katika mashirika, akashiriki kuanzisha kituo cha wanawake katika utawala kinachojulikana kwa jina la CEWIGO.

Uganda haiko peke yake katika jambo hili. India, ambayo kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 1992 ilitenga theluthi ya viti vya mabaraza ya vijiji kwa wanawake na hivyo kuwaingiza mamilioni katika uongozi wa chini, ilichukua miaka 27, tangu 1996 hadi Septemba 2023, kupitisha kanuni hiyohiyo kwa bunge la taifa, na ilipoipitisha iliambatanisha sharti kwamba itaanza kutumika baada ya sensa na ugawaji mpya wa majimbo. Wanaharakati wa huko, ambao baadhi yao walikuwa wamezeeka ndani ya vyama wakiingoja, walipata haki yenye tarehe isiyoandikwa.

Kongo ina aina yake ya mtindo huo, na ina ustadi zaidi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika ibara ya 14, inakwenda mbali kuliko ya Uganda, kwa kuwa haizungumzii theluthi; inazungumzia usawa wa nusu kwa nusu, ambao wanasheria wa Kinshasa huuita parité, katika taasisi za taifa, za mkoa na za mitaa. Siku 19 baadaye, tarehe 9 Machi 2006, ilitangazwa sheria ya uchaguzi, na ibara yake ya 13 ilisema kwamba orodha za wagombea zizingatie usawa huo, kisha ikaongeza kwamba orodha isiyouzingatia haitakataliwa kwa sababu hiyo. Hapa hakuna kifungu kilichopotea. Kimeandikwa, kimechapwa, na kazi yake ni kuipoteza ibara ya 14 mbele ya macho ya wote. Uchaguzi wa mwaka huo uliwapa wanawake takribani asilimia 8 ya viti 500 vya Bunge la Taifa. Sheria ya tarehe 29 Juni 2022 ilijaribu njia nyingine, ikaisamehe dhamana ya fedha orodha yenye angalau nusu ya wanawake, na kwa hatua hiyo jina la mwanamke likapata thamani ya fedha kwa chama hata kama chama hakina nia ya kumfanyia kampeni.

Katika ardhi ulinganisho unauma zaidi, kwa sababu ardhi ndiyo kisa cha Kivu Kaskazini. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilizifanya ardhi za jamii za kienyeji kuwa mali ya dola, na katika ibara ya 389 ikasema kwamba haki za wanaozitumia zitapangwa kwa amri ya Rais. Amri hiyo haikutolewa kwa miongo mingi iliyofuata, na katika pengo hilo ardhi ya Masisi, Rutshuru na Nyiragongo iliendelea kugawiwa na mwami na wasaidizi wake katika usultani wa Bahunde, Bashali, Bwito, Bwisha na Bukumu, kwa desturi ambazo kwa kawaida humpa shamba mwana wa kiume na kumwachia binti matumaini ya shamba la mumewe. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 iliwaweka watoto wote wa marehemu katika daraja la kwanza la warithi bila kutenga msichana na mvulana, lakini sheria hiyohiyo, katika ibara ya 448, ilimtaka mke apate idhini ya mume kwa tendo la kisheria lililomfunga kutoa huduma aliyopaswa kuitimiza mwenyewe. Binti aliweza kurithi kwa baba na asiweze kusaini bila mume. Idhini hiyo iliondolewa na marekebisho ya tarehe 15 Julai 2016, miaka 29 baadaye, na kuondolewa kwake kulitokana na subira ya mashirika ya wanawake, likiwamo la wanasheria wanawake wa Goma, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakizibeba ibara hizo kwenda kwa wamama wa vijijini na kuzirudisha mjini zikiwa na maswali.

Kwa mwanamke wa Goma anayefikiria kuiacha ofisi ya shirika na kuomba kura, jalada la Matembe linaonyesha kwamba kazi ya mbunge haiishii pale mikono inapoinuliwa. Kati ya kura na sheria kuna ofisi za waandishi wa sheria, kuna meza ya Rais, kuna Gazeti Rasmi linalochapwa Kinshasa, na kila kituo kina mtu anayeweza kukosea au kukusudia. Katiba ya Kongo imeweka, katika ibara ya 142, kifungu ambacho wachache hukitaja: kwamba serikali ihakikishe kila sheria inasambazwa kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, ambazo ni Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba, ndani ya siku 60 tangu kutangazwa kwake. Sheria ya haki za wanawake na usawa, iliyokusudiwa kuitekeleza ibara ya 14, ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2015, na siku 60 za kuifikisha kwa Kiswahili huko Sake, Kiwanja na Kibumba zilimalizika tarehe 30 Septemba ya mwaka huohuo.